Ukuta wa Jikoni kwa Stamen

Ruse, 24 Februari 2015

Mwanangu Zornitsa,

Salamu zangu zikufikie wewe na mumeo Ivaylo, na huyo Yana wenu ambaye naambiwa ameng'oka meno mawili kwa wiki moja. Asiyatupe jalalani. Ayarushe paani kwa kunguru, kama ulivyofanya wewe ukavunja kigae.

Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hayo nimeyazoea. Humu ndani nimewatilia nyuzi tatu za Machi, nyekundu na nyeupe. Zifungeni mkononi tarehe moja, msizivue mpaka mwone korongo au mti uliochanua. Najua Zaragoza korongo wamejaa kwenye kila mnara wa kanisa na mtazivua siku hiyo hiyo, lakini zifungeni.

Tarehe kumi na nne tulibandika tena tanzia ya baba yako Stamen kwenye mlango wa chini, kama desturi yetu kila mwaka, mwaka wa pili sasa. Picha ni ile ya kofia ya kiwandani. Mvua imeshailowesha, ila watu bado wanasimama kuisoma. Jana mmoja asiyenijua alimwambia mwenzake, "Huyu ndiye aliyeendesha kreni walipolisimamisha hili jengo. Bamba la zege kwa bamba la zege. Tazama kama utaona ufa." Nilijifanya natafuta ufunguo ili nimsikilize mpaka mwisho.

Sasa sikiliza, maana ndiyo sababu ya barua. Mji wetu umeamka, Zornitsa. Lile jengo la karibu na shule uliloliita jino bovu limevalishwa nje sponji ngumu ya kuzuia baridi, nene kama kiganja, likapakwa rangi ya kiini cha yai. Madirisha mapya yote. Watu wa mle walipitisha Januari nzima na shati moja. Mimi naenda pale kila asubuhi na mfuko wangu wa mkate, nasimama, nalitazama kama watu wanavyomchungulia bibi harusi. Na sasa ni zamu yetu! Serikali inalipa. Wanachotaka ni saini ya kila mwenye nyumba, na injinia aingie kila nyumba kukagua kuta kabla kazi haijaanza. Mwisho ni Oktoba. Ikikosekana moja tu, lango A na C watavalishwa, sisi wa lango B tutabaki katikati uchi.

Nyumba ya baba yako ya ghorofa ya tatu sasa ni yako. Fomu iko humu. Tia saini, ipigwe muhuri, uirudishe kwa posta. Simu sitaki. Kwenye simu unasema "sawa shangazi" huku unaosha vyombo.

Shangazi yako,
Ginka, msimamizi wa lango B kwa mwaka wa kumi na tisa


Zaragoza, 27 Aprili 2015

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nyuzi zilifika salama. Yana alivaa wake siku nzima ya kwanza, akaona korongo wanne tukienda shule, lakini alikataa kuuvua mpaka aonyeshe darasa zima. Pasaka tulipaka mayai mekundu, na tulipoyagonganisha mezani yai lake lilipasua ya kila mtu. Ivaylo anasema mtoto anadanganya. Mimi nasema amekurithi wewe.

Kazini kwenye tanuri la mkate wameniongezea zamu, kwa hiyo nalala mchana na nyumba nzima inatembea kwa vidole.

Ulivyoandika kuhusu majengo nimewasomea Ivaylo na Yana. Nikifumba macho naona ile rangi ya kiini cha yai.

Ile fomu nimeiweka mahali pazuri. Lakini shangazi, lazima injinia aingie? Hakuna anayeishi mle. Si aangalie za jirani tu, zote zimefanana? Au tungoje mwaka mwingine, tuone wengine inakwendaje. Mimi sina haraka.

Magoti yako uyatunze. Usipande ngazi kwa ajili ya watu wasiotaka kufungua mlango.

Mwanao,
Zornitsa


Ruse, 15 Juni 2015

Zornitsa mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa miwani ya Veneta wa ghorofa ya nne, nikidhani labda saini imejificha mahali. Yai la Yana limenifurahisha sana. Mwambie bibi yake wa Ruse anaona fahari.

Huku miti ya barabarani imechanua, harufu imeingia hadi kwenye ngazi zetu, na kwa wiki mbili hizi hakuna anayeweza kusema lango B linanuka kabichi.

Nyumba ni ishirini na moja. Saini ninazo ishirini. Wacha nikueleze nilivyozipata, ujue shangazi yako bado hajaisha. Asparuh wa ghorofa ya tano unamkumbuka, yule aliyeziba roshani kwa vioo vya basi bovu, kimoja mpaka leo kimeandikwa MLANGO WA KUSHUKIA. Nikamwambia vioo hivyo vitatoka.

"Ginka, wewe ni msimamizi au polisi?"

"Vyote viwili. Saini hapa."

"Na nisipotaka?"

"Nitakaa hapa mpaka utake. Kahawa unayo?"

Alikuwa nayo. Aliniletea sebuleni, jikoni hakuniruhusu, eti kuna fujo. Kikombe cha tatu akasaini. Metodi wa ghorofa ya saba, ambaye hajasema na ukoo wetu tangu agombane na baba yako kwa ajili ya antena, alifungua mlango upana wa vidole viwili. Nilipitisha fomu, ikarudi na saini. Hatukusalimiana, ila kazi ilifanyika.

Ajabu ni kwamba kila mtu ananiuliza swali lako. Lazima injinia aingie mpaka jikoni? Nikawajibu lazima, nyumba zote. Anaanza mwisho wa mwezi wa tisa. Kwa upande wako usiwe na wasiwasi, ufunguo ninao mimi. Kitasa kinasumbua kidogo. Tutaona.

Wewe tia saini tu, mama. Lango A wameshaanza kusimamisha vyuma vya mafundi, na kila nikipita wananiuliza, "Vipi, Ginka, nyie mnapenda baridi?"

Ginka


Zaragoza, 2 Agosti 2015

Shangazi, shikamoo.

Sote wazima. Yana amejifunza kuogelea. Joto la huku halisemeki, tunafunga madirisha asubuhi na kuishi gizani kama panya. Nakuandikia kabla ya zamu, na barua hii nimeichana mara mbili.

Fomu sijaipoteza. Sitii saini kwa sababu injinia akiingia jikoni kwa baba ataona asichopaswa kuona.

Baba alikata ukuta, shangazi. Ule wa kati ya jikoni na roshani. Ilikuwa mwaka tisini na nne, mama alikuwa tayari mgonjwa, na jikoni mle hakukuwa na jua hata kidogo. Alitaka mama apike akiwa kwenye jua. Nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulidhani niko kijijini. Nilikuwa nyumbani nikimshikia taa, na wiki nzima nilibeba vifusi kwenye mkoba wa shule nikivimwaga nyuma ya magereji. Kisha, siku moja nikiwa shuleni, akaziba pande zote kwa mbao, akaweka kabati, akaniapisha. "Usimwambie mtu. Shangazi yako Ginka ndiyo kabisa. Atakonda kwa hofu."

Unakumbuka alivyokuwa akiwafokea majirani? "Jengo la mabamba si jibini! Hukati unavyotaka!" Watu walicheka lakini walimwamini. Bado wanasimama kusoma tanzia yake, umeniambia mwenyewe. Kesho wataambiwa mtu huyo huyo alikata ukuta kwa siri, akawaacha ghorofa nne za watu juu ya tundu. Siwezi kutia saini kwa mkono wangu jambo la kumvunjia heshima baba. Kwa magoti yako naumia. Kwa majirani naona aibu. Lakini siwezi.

Sasa unajua. Nisamehe kwa miaka yote niliyokuficha.

Zornitsa


Ruse, 6 Septemba 2015

Mwanangu,

Roshani zote zinachoma pilipili hoho leo. Mtaa mzima una moshi mtamu na mimi mwenyewe nimechoma kilo kumi na tano, vidole vimekuwa vyeusi, kwa hiyo usishangae madoa. Mitungi sita nimekuwekea.

Ulivyosema umebeba vifusi kwenye mkoba wa shule nilikaa chini. Halafu nikacheka mpaka Veneta akagonga ukuta. Halafu nikalia.

Zornitsa, vifusi vingine nilibeba mimi. Jumatatu na Alhamisi, kwenye mfuko wangu wa magurudumu wa sokoni, chini ya vitunguu. Nilikuwa nikivimwaga kwenye mfereji upande wa reli. Nilidhani uko kijijini kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia uko kijijini. Akaniapisha hivi: "Ginka, usimwambie mtoto. Atasema shuleni." Miaka ishirini na moja mimi nakuficha wewe, wewe unanificha mimi, na yeye kalala makaburini na kofia yake. Angekuwa hai ningempiga kwa mwiko.

Kitasa hakisumbui. Nilidanganya. Kila nikiushika ule ufunguo naurudisha mfukoni, kwa sababu yale unayoogopa wewe ndiyo ninayoogopa mimi. Ndugu yangu hakuacha gari wala shamba. Ameacha jina tu, na nimelilinda kuliko nilivyolinda magoti yangu.

Lakini nimekuwa nikifikiri. Sasa hivi nazunguka ngazi hizi namfokea Asparuh kwa vioo vya basi, namfokea msichana wa ghorofa ya pili kwa kiyoyozi, na ufunguo wa tundu letu uko mfukoni mwangu. Stamen mwenyewe angeniambia nini? Na kuna jambo baya zaidi. Ikiwa ule ukuta una hatari kweli, basi Veneta na wote walio juu wamelala juu yake miaka yote hii, na sisi wawili tumenyamaza. Nimeshindwa kulala na hilo.

Nataka kufungua mlango. Nitawaambia mwenyewe, mbele ya wote, kabla injinia hajasema. Lakini nyumba ni yako na baba ni wako. Usiponiruhusu, nitanyamaza na tutaungua pamoja kwa aibu yetu. Niandikie.

Shangazi yako


Zaragoza, 21 Septemba 2015

Shangazi,

Fomu hii hapa, ina saini na muhuri. Nililia mbele ya mthibitishaji, akadhani nauza nyumba.

Fungua mlango. Na siku hiyo vaa koti lako la buluu la sikukuu.

Z.


Ruse, 25 Oktoba 2015

Zornitsa wangu,

Mimi mzima, nimelala siku mbili, sasa naweza kuandika. Kaa chini. Ivaylo naye akae.

Nilivaa koti la buluu. Injinia ni binti anaitwa Bilyana, ana msuko mnene na viatu vya matope, umri wako. Nilimwomba aanze na sisi, na nikawaita majirani wote kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Walikuja wote, hata Metodi, alisimama juu kabisa akishika kizuizi cha ngazi kama anataka kuondoka.

"Majirani," nikasema, "miaka kumi na tisa nimewafokea kwa tundu la msumari. Leo nifokeeni mimi. Ndugu yangu Stamen, aliyewaambia jengo si jibini, alikata ukuta wa jikoni kwake. Vifusi nilibeba mimi. Mkitaka kunivua usimamizi nivueni, ila kwanza acheni binti huyu afanye kazi yake."

Nilifungua mlango. Bilyana akaingia, akasogeza kabati, akang'oa mbao za pembeni. Nilitegemea kuona tundu. Kulikuwa na chuma, Zornitsa! Fremu nzima ya chuma, mbavu mbili na juu, nene kama paja la Yana, imechomelewa na kupakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Bilyana akaigonga, akaipima, akapiga magoti akaangalia chini, akatoa michoro yake, akapima tena.

"Nani kafanya hii?"

"Ndugu yangu."

"Alikuwa injinia?"

"Alikuwa kwenye kreni."

"Amekata pale pale panapokatika," akasema, "hapajabeba kitu. Na bado akaweka chuma cha kubeba lori. Ningependa kumjua huyu mtu."

Hapo ndipo nikamsikia Asparuh nyuma yangu, kwa sauti ndogo kuliko yeye.

"Ginka. Hata kwangu ipo."

"Ipo nini?"

"Hiyo. Nilisikia nyundo kwake, nikajua, nikaanza na mimi kukata. Akaja juu amekasirika ajabu. 'Mjinga wewe, kama lazima ukate nitakata mimi.' Akaniwekea chuma. Akaniapisha nisimwambie mtu, na wewe ndiyo kabisa."

"Mbona na mimi?" Veneta akapiga kelele. "Aliniapisha nisimwambie Asparuh!"

Nyumba sita, mwanangu. Zote za safu ya jikoni ya baba yako, jikoni juu ya jikoni, kuanzia chini. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, kila mmoja alikuwa akinifungia mlango wa jikoni na kuniletea kahawa sebuleni, na mimi nikijisifu kwamba hakuna kinachonipita kwenye lango hili! Kiwanda cha mabamba kilipofungwa alinunua vyuma kwenye mabaki yao, akavichomelea kimoja kimoja Jumapili, akavipandisha mwenyewe. Watu walicheka mpaka binti akakaa kwenye ndoo. Mimi nilicheka na machozi yakinitoka, na sikuyafuta.

Lakini Metodi hakucheka. Bilyana aliliona hilo kabla yangu, akapanda mpaka saba akamfuata. Naye alikuwa amekata, mwaka tisini na sita, peke yake, kwa hasira. Na alikata pana, akala hata sehemu inayobeba. Chuma hakuna. Juu kuna ufa umefunikwa kwa karatasi ya ukutani, unaingia mkono.

"Stamen hakuja kwako?" nikamuuliza. Ndiyo maneno ya kwanza kati yetu kwa miaka kumi na tisa.

Alitazama sakafu. "Alikuja. Alipanda na chuma begani mpaka hapa mlangoni, lifti imekufa. Akagonga. Akaniambia, 'Metodi, antena si kitu, nifungulie.' Sikumfungulia. Nilimsikia akikishusha chote tena."

Bilyana akasema hawezi kutia saini ghorofa ya saba namna ile, na bila saba hakuna lango B. Na mimi nikasimama pale kama mjinga, naona akilini kitu ambacho nimekiona kila juma kwa miaka ishirini. Kwenye stoo yetu ya chini, Zornitsa, ile rafu ninayopangia mitungi ya pilipili na matango. Sikuwahi kujiuliza ni chuma gani kile.

Tulishuka wote. Nikaondoa mitungi arobaini na miwili, Asparuh akashika upande mmoja, tukaigeuza kwenye mwanga. Imepakwa rangi nyekundu kama zile nyingine. Upande wa ndani ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe, 7 – METODI.

Hakukiuza. Hakukitumia. Alikiweka kikavu kinangoja mtu afungue mlango.

Metodi aliigusa ile namba kwa kidole. Akasema, "Nitabeba mimi," na mtu ana miaka sabini na nne. Walikibeba watu sita. Bilyana alileta fundi wa kuchomelea na mwalimu wake wa zamani wa chuo, mzee wa kukagua wakaguzi, wakahesabu siku mbili, wakaongeza vipande viwili, wakaujaza ufa. Juzi ametia saini. Nyumba zote ishirini na moja. Na kwenye mchoro rasmi wa jengo, pale jikoni, ameandika "fremu za S." Nilimwomba aandike jina zima, akasema sheria hairuhusu, lakini S alichora kubwa.

Usimamizi hawakunivua. Asparuh alipendekeza nivuliwe, kwa mzaha, nikampiga na mfuko.

Shangazi yako, mwenye furaha mpaka aibu,
Ginka


Ruse, 9 Machi 2016

Mwanangu Zornitsa,

Nyuzi za Machi mmezipata? Nilizituma mapema na zile soksi. Yana asiseme soksi zinawasha, ni za sufu ya kweli.

Tumevaa, mama. Walimaliza Februari mwanzoni. Rangi ni ya kijani hafifu na mistari myeupe kuzunguka roshani, ghorofa zote saba za aina moja, na Asparuh amekitundika kile kioo cha MLANGO WA KUSHUKIA chooni kwake kwa ukumbusho. Asubuhi ya kwanza nilikaa jikoni bila koti na bila shali nikangoja baridi. Haikuja. Magoti yamenyamaza, sasa nayakosa kidogo, sina wa kugombana naye. Nikitoka sokoni watu wa majengo mengine wamesimama ng'ambo ya barabara wanatutazama, kama nilivyokuwa nikiwatazama wenzao. Nawapungia mkono.

Mlango wa chini ni mpya, wa alumini na kioo kizima. Kwa hiyo niliweka kanuni, na wote walipiga kura: hakuna karatasi mlangoni. Matangazo, ankara, hata tanzia, vyote kwenye ubao wa ndani. Nilisema haya mwenyewe, nikijua tarehe kumi na nne Februari inakuja na ni mwaka wa tatu wa baba yako. Nilibandika yake ndani ubaoni, ndogo, kwa pini nne.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano nilishuka kununua mkate. Katikati ya kioo kipya kulikuwa na karatasi. Nilirudi juu kuchukua kisu cha kukwangulia na maji ya moto, nikishuka huku nasema peke yangu ngazi nzima. Halafu nikavaa miwani.

Ni yeye, na kofia yake ya kiwandani. Chini, mahali ambapo huandikwa familia yenye majonzi, hatukuandikwa sisi. Imeandikwa: Kutoka kwa majirani wa safu ya jikoni, ghorofa ya kwanza hadi ya saba. Saba imepigiwa mstari kwa kalamu. Na gundi ilikuwa nyingi, imemwagika pembeni, kama ya mtu ambaye hajawahi kubandika tanzia ya mtu yeyote.

Nilisimama na kile kisu mpaka maji yakapoa. Nyuma yangu nikasikia mtu kwenye ngazi, hakushuka, alikuwa anangoja aone nitafanya nini.

Sikuibandua, Zornitsa. Gundi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo niliinyoosha tu. Ilikuwa imepinda upande, na baba yako hakuvumilia kitu kilichopinda.

Njooni kiangazi. Ufunguo unafungua vizuri.

Ginka